Mkono wa Odiel kwenye Kilima cha Ganzeberg

Hakuna aliyemlazimisha Lutgart kupanda baiskeli. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwili wa kushiba, na kazi ya kuuza mikate pale karibu na kanisa, mahali ambapo mtu hutafuna vipande vilivyovunjika kutwa nzima na jioni akashangaa sketi imebana. Daktari alimwambia atembee. Yeye akanunua baiskeli ya mbio. Mumewe Roland alipoiona imeegemezwa ukutani alisema, "Mama, hizi wanapanda watu wenye makalio madogo." Ndipo akaipanda kweli, kwa hasira.

Huku kwetu Flandria mtu asiyepanda baiskeli huonekana mgonjwa. Lakini kupanda baiskeli ni jambo moja, na kupanda Ganzeberg ni jambo lingine. Si kilima kirefu. Kwa gari unakimaliza hata redio haijashika stesheni. Ila njia yake ni ya mawe, mawe yenyewe yamevimba kama meno mabovu, na kwenye kona ya juu, mbele ya nyumba ya mzee Odiel, inasimama wima mpaka tairi la nyuma linateleza kama limepakwa sabuni. Klabu ya kijiji hupita hapo kila Jumapili baada ya misa. Mgeni hapewi jezi nyekundu mpaka akipande chote bila kuweka mguu chini na bila kusukumwa.

Lutgart aliweka mguu chini kiangazi kizima. Mwanzoni aliuweka penye zizi la ng'ombe, chini kabisa, ambapo hata mwinuko wenyewe bado haujaamka. Baadaye akafika nguzo ya umeme. Mwezi wa nane akafika kwenye kijumba cha Bikira Maria, akaona ameokoka. Firmin, mkuu wa klabu, seremala mwenye miguu myembamba na mdomo mpana, hakumwachia nafasi.

"Lutgart, mama, ukifika juu tupigie simu. Tutakuwa tumeshalala."

"Nitakupiga na pampu, Firmin."

Wakacheka. Naye akacheka. Nyumbani alifungua maji bafuni ili Roland asisikie kilio.

Sasa huyu Odiel. Alikuwa mzee mwenye kifua kibovu, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana mpaka mtambo ukamla kidole cha pete cha mkono wa kulia. Kila Jumapili alisimama konani na viatu vyake vya mbao, akiwangoja wanyonge. Ukimfikia pumzi imekwisha, alikuwekea kiganja kiunoni na kukusukuma mbio mbio mpaka kona iishe. Na hakukuachia mpaka useme mwenyewe, kwa sauti, "Yatosha, Odiel, asante." Hapo ndipo aliinua mkono. Kila mtu aliwahi kuyasema maneno hayo, hata Firmin. Na aliyeyasema, siku hiyo jezi hapati.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi ukungu ulikuwa umeshuka kama blanketi bichi. Lutgart wenzake walishampotea. Alisikia vicheko vyao huko juu, havina watu. Pale konani miguu ikamwisha. Akasikia viatu vya mbao vinakuja juu ya mawe. Kiganja kikamkaa kiunoni, chenye joto.

"Twende, binti," Odiel alinong'ona. "Leo hakuna anayeona."

Wakaenda. Mzee alihema kuliko yeye. Kona ilipokaribia kuisha, Lutgart akahisi sweta lake linavutwa nyuma. Mara moja tu. Akadhani mzee anamtania, anadai yale maneno yake. Lakini zile sauti za juu zilikuwa karibu sana, wangesikia. Akakaza meno, akakanyaga pedali kwa nguvu zote alizobakiza. Sweta likaachiwa.

Hakugeuka.

Alitokea ndani ya ukungu mbele ya watu, juu ya baiskeli, peke yake.

"Odiel kakusukuma?" Firmin aliuliza.

"Sikusukumwa na mtu."

Wakamvisha jezi pale pale mlangoni mwa baa, wakamnunulia bia. Povu lake lilikuwa bado halijatulia habari zilipofika. Zulma, mke wa Odiel, alitoka kumwita mumewe aje kwenye supu, akamkuta kifudifudi katikati ya mawe, kiatu kimoja huku, kingine kule. Moyo, alisema daktari. Mzee wa watu alikuwa anafanya nini kule, mbali na mlango wake? Kila mtu aliuliza. Lutgart alitazama bia yake.

Siku ya kuaga alipita mbele ya jeneza kama wengine. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umefumba. Walikuwa wameshindwa kuufungua, wakauvisha rozari kwa juu.

Majuma mawili baadaye alirudi Ganzeberg. Akafika juu hata hajalowa jasho. Akajiambia miguu imeiva. Jumapili iliyofuata aliwapita wanawake wa klabu. Kufika Krismasi alikuwa anafika na Firmin, bega kwa bega, na Firmin ndiye aliyekuwa anatema mate.

"Unakula nini siku hizi, wewe?"

"Mikate."

Kijiji kizima kilimsifu. Padri alimtaja. Roland, ambaye hajawahi kusifu hata supu, aliwaambia watu baa nzima kwamba mkewe ni farasi. Na kila sifa ilimwingia Lutgart kama mwiba, kwa sababu alikuwa ameshajua. Haikuwa miguu. Kilikuwa kiganja, pale pale kiunoni. Vidole vitatu na gumba. Palipotakiwa kuwa na kidole cha pete palikuwa patupu. Na hakikuwa na joto tena.

Mwezi wa pili mkono ulianza kutoinuka kileleni. Ulimsukuma kwenye tambarare. Ulimsukuma kwenye mteremko, breki zimebanwa zote mbili, mpira unanuka. Siku moja alisimama kwenye taa nyekundu pale njia panda, mguu chini kabisa. Lori la maziwa lilikuwa linakuja. Kiganja kikakaa.

Kikasukuma.

Dereva alipiga honi mpaka mwisho wa barabara. Lutgart alibaki kaangukia ukingoni, goti linatoka damu. Akaifungia baiskeli bandani. Haikusaidia kitu. Kesho yake, amesimama juu ya ngazi za ghala la unga, kabeba trei mikononi, akahisi ubaridi unamtambaa kiunoni. Vidole vitatu. Gumba.

Akaiweka trei chini, akaenda kwa Zulma na aproni yake ya dukani.

Zulma alikuwa anamenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo alikuwa anakusukuma wewe," alisema.

"Mimi."

"Na ukala mkate wa matanga mezani kwangu."

"Nilikula."

Kiazi kikadondoka ndani ya maji. Zulma akashusha sauti, kama kuna mtu chumba cha pili. "Ulimwambia yatosha?"

"Sikumwambia. Wangesikia."

"Basi bado yuko kazini. Unamjua Odiel."

"Nimwambie hapa, bibi? Sasa hivi?"

"Hapa nani anasikia? Kamwambie pale pale alipokushika. Na hao uliowaogopa wasikie."

Lutgart alikaa siku kadhaa bila kulala vizuri. Kufa alikuwa anaogopa, ndiyo. Lakini nitasema ukweli wake: aliogopa zaidi Firmin. Jumatatu ya Pasaka klabu ilipanda Ganzeberg kumkumbuka Odiel, na waliyemchagua kutangulia mbele alikuwa nani? Yeye. Mwanamke aliyejifunza mwenyewe, walisema, bila kusukumwa na mtu. Watu walijaa pande zote mbili, watoto na keki mikononi, Roland kavaa tai.

Alipita zizi la ng'ombe. Alipita nguzo. Kwenye kijumba cha Bikira Maria kiganja kikamkaa, na baiskeli ikapaa kama imefungwa kamba. Watu wakapiga makofi. Wengine nyuma waliachwa mbali. Kona ikaja. Zulma alikuwa amesimama mlangoni, kavaa nyeusi.

"Yatosha, Odiel," Lutgart alisema.

Sauti haikutoka.

"Yatosha, Odiel! Asante! Ulinisukuma wewe, mimi nikakana!"

Makofi yakakatika. Ukabaki mnyororo tu unalia.

Mkono haukuinuka.

Ulifumba.

Jezi ikamkaba tumboni. Kitu kikamvuta nyuma, kizito, uzito wa mtu mzima. Miguu ilitaka kukanyaga, kama siku ile. Safari hii aliizuia. Akabana breki, akaweka mguu chini mbele ya kijiji kizima, na safari hii aligeuka.

Hapakuwa na mtu. Ule uzito uliteremka polepole mgongoni, ukapita kiunoni, ukafika kwenye tandiko. Kisha haukuwepo.

Mtu mmoja alicheka, nadhani kwa woga. Firmin alikuja akihema, akashuka.

"Unasema nini, Lutgart? Siku ile alikusukuma?"

"Alinisukuma. Nilikudanganya."

"Na ukamwacha pale?"

 Firmin alimtazama usoni, kisha akatazama mawe. Roland alivua tai yake akaitia mfukoni, akaanza kuteremka kwenda nyumbani, peke yake.

Ni Zulma aliyemsogelea Lutgart kwa nyuma. Jezi ilikuwa imekusanyika pale kiunoni, imesimama kwa mikunjo mitatu upande mmoja na mmoja wa gumba upande wa pili. Aliilaza kwa kiganja. Ikarudi. Akailaza tena.

"Odiel alisukuma kwa kiganja wazi," alinong'ona. "Miaka yote. Mtu anayesukuma hafumbi mkono."

"Sasa siku ile alikuwa anafanya nini, bibi?"

Zulma aliingia ndani, akafunga mlango.

Siku hizi Lutgart hasukumwi tena, hata kwenye ngazi za ghala. Ganzeberg anakipanda kwa miguu, anaikokota baiskeli, na watoto wanamcheka. Akifika konani husimama, hugeuka, akanyoosha mkono kuelekea chini. Halafu anaendelea. Jezi aliirudisha klabu. Imefuliwa kwa maji moto, imepigwa pasi na wanawake watatu tofauti, mmoja wao fundi cherehani. Ikiwa moto inanyooka vizuri kabisa. Ikipoa mikunjo inarudi, mitatu na wa gumba, pale pale ambapo mtu anayeanguka angeshika.