Gitobu Hakurogwa

Ciakuthii anasema aliona kwa macho yake mawili. Alikuwa akipita na mzigo wa nyasi za ng'ombe, akasikia kelele katika stoo ya viazi ya jirani yake. Akachungulia kwenye ufa wa mbao. Ndani, Gitobu alikuwa akipigana na nyoka, na nyoka wenyewe hawakuwepo.

"Mzee wako amerogwa, Mama Carol," alimwambia Joyline, mke wa Gitobu. "Tafuta watu wa maombi leo leo."

 Joyline ndiye aliyemfungia mumewe humo, siku ya pili sasa. Kwa miaka sita Gitobu alikuwa akinywa kila siku, hata asubuhi kabla ya chai. Shamba lilikuwa limejaa magugu. Joyline aliona afadhali amfungie mpaka pombe imtoke. Lakini sasa Gitobu alikuwa anatetemeka mpaka uji unamwagika, na jasho linamtoka katika baridi ile ya Kibirichia.

Mchana huo alifika Naftaly, mhudumu wa afya anayetembelea maboma. Naye akasikia kelele.

"Nani alimfungia?"

"Ni mimi. Nilitaka kumsaidia."

"Najua, mama. Lakini fungua. Mtu wa kunywa kila siku, mwili wake umezoea pombe. Ukiikata ghafla, anatetemeka, anaona vitu ambavyo havipo. Anaweza kushikwa na kifafa, hata afe. Huyu hajarogwa, ni mgonjwa."

"Sasa nimpe pombe?"

"Hapana. Tumpeleke hospitali sasa hivi. Kuna dawa."

"Watakaa naye miezi mingapi huko?"

"Siku chache tu, hatari ipite. Halafu atakuwa anatibiwa akitoka nyumbani. Anaenda kliniki, anaongea na mshauri na wagonjwa wenzake, anapewa dawa, anarudi kwa shamba lake."

Ikawa hivyo. Gitobu alilazwa siku tano. Kisha kila Jumatano alitembea kilomita saba kwenda kliniki, mvua au jua. Alipopita karibu na kilabu, marafiki wa zamani walimwita.

"Gitobu, kwani umeoa huko kliniki?"

"Nimeoa. Na bibi wa huko hapendi mtu akichelewa," alijibu, bila kusimama.

Mwezi wa pili wa matibabu aliteleza. Alirudi nyumbani amelewa. Joyline alidhani kazi yote imepotea. Asubuhi alikwenda kwa Naftaly.

"Malaria ikirudi, si mtu anarudi kwa daktari?" Naftaly alisema. "Hata hii ni hivyo. Aende, asifiche."

Gitobu alikwenda, akasema ukweli mbele ya kikundi chote. Joyline aliposikia, alimheshimu kuliko siku aliyoolewa naye.

Huu ni mwezi wa nane tangu aanze matibabu. Viazi vimetoa maua. Juzi Gitobu alitia uzi kwenye sindano ya magunia mara moja tu, mkono umetulia. Ciakuthii naye siku hizi husema alijua tangu mwanzo kwamba ni ugonjwa.

Jana walikuwa wamepumzika shambani, wakinywa chai.

"Jumatano ni siku ya familia kule kliniki," Gitobu alisema. "Kuna akina mama wawili wageni. Wanaona aibu, hawataki kusema vile mambo yalivyo kwao. Nilitaka twende pamoja, Mama Carol. Uwaambie vile sisi tulianza. Yote."

Joyline alitazama kikombe chake. Zaidi ya Naftaly, hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote kwamba ndiye aliyemfungia mumewe stoo.

"Tutaenda?" Gitobu aliuliza.