Ulimbo wa Fenesi na Miguu ya Renatha

Nyumbani kwa Edvina, kule Rubafu, kazi ziliongezeka tangu posa ya binti yake ikubaliwe. Asubuhi Edvina alimenya ndizi. Mchana alipalilia kibanja chake cha migomba na kahawa. Jioni waliingia wageni, kila mmoja na maneno yake kuhusu harusi, na kila mmoja na njaa yake. Edvina aliwapikia, akawasikiliza, akacheka nao. Wakishaondoka alinung'unika kidogo, na kesho yake akapika tena.

Binti mwenyewe, Renatha, hakuruhusiwa kugusa jembe. Shangazi yake Anatolia, dada wa baba, alikuwa amehamia pale kwa kazi moja tu, nayo ni kumtunza bi harusi. Ndivyo walivyozoea katika ukoo wao. Msichana anayekaribia kuolewa hukaa ndani, hapigwi na jua, na kila jioni shangazi humpaka samli ili ngozi iwe laini. Nyumba nzima ilinukia samli. Hata paka alikuwa hambanduki Renatha.

Renatha alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Siku ile familia ya mchumba wake Avit ilipokuja kutoka Ngenge kujitambulisha, dada yake Avit, anayeitwa Immakulata, aliitazama miguu ya Renatha akacheka mbele ya watu wote.

"Wifi, hii miguu ni ya bi harusi au ya mgambo?"

Watu wakacheka. Renatha naye akacheka, maana ungetaka afanye nini? Lakini neno lile lilimchoma. Miguu yake ina vinyweleo vingi, virefu, kama ya baba yake. Zamani hakuona kasoro yoyote. Tangu siku ile, akijitazama, hakuona kitu kingine. Na gauni la sendoff, sherehe ya kumuaga bi harusi, lilikuwa limeshashonwa, linaishia magotini. Sendoff ilikuwa Jumamosi, na Immakulata angekaa meza ya mbele kabisa.

Niseme mapema, ili tusigombane. Nywele za mwilini si ugonjwa, wala si uchafu. Anayetaka kubaki nazo, abaki nazo kwa amani. Anayetaka kuzitoa, azitoe, mwili ni wake. Shida huanza mtu anapozitoa kwa hasira, kwa haraka na kwa siri. Renatha alikuwa na yote matatu.

Kwanza alikwenda Bukoba mjini, saluni, akiwa na nia ya kuuliza kama wanafanya waksi, yaani kutoa nywele kwa nta. Alikuta wanaume wamekaa upande wa kinyozi, wanangoja zamu. Aibu ikamshika. Akauliza habari za kusuka, akashukuru, akatoka.

Nyumbani akafungua simu. Akamwona mwanamke mmoja anapaka mguuni kitu cha rangi ya asali, anabandika kitambaa, anavuta. Nywele zote zikatoka. Mwanamke yule hakusema ni kitu gani, au labda alisema na Renatha hakungoja asikie. Yeye alichoelewa ni kwamba kinatakiwa kitu kinachonata. Na kwa kunata, nani atamshinda fenesi?

Aliyekulia Bukoba anaujua ulimbo wa fenesi, ule utomvu mweupe. Usipopaka mafuta kisu na mikono kabla ya kulipasua fenesi, utahangaika kutwa. Kaka yake Renatha, Derick, alipokuwa mdogo aliutumia kunasia ndege. Renatha alikumbuka jinsi ndege walivyonasa. Hakujiuliza walinasuliwaje.

Siku ya Jumatano baada ya chakula, mama akiwa kibanjani na shangazi amelala, Renatha alichanja mti wa fenesi nyuma ya nyumba. Akakinga ulimbo kwenye kopo, akaupasha moto kidogo kwenye makaa. Akaingia chumbani, akaupaka mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Akabandika kipande cha kitenge kikuukuu. Akavuta.

Kitambaa hakikutoka. Akavuta kwa nguvu zaidi. Kikabanduka upande mmoja, na kipande cha ngozi kikaenda nacho. Alipojaribu kukishika vizuri, vidole navyo vikanasa. Sketi ikagusa mguu, ikanasa. Ulimbo ni ulimbo, haujui ndege wala bi harusi.

Kelele zake zilimwamsha shangazi na kumleta mama mbio, jembe bado mkononi. Wakamkuta amekaa sakafuni, analia, mguu umefungamana na sketi. Edvina akataka kuleta mafuta ya taa. Anatolia akakataa, akasema uletwe wembe. Wakaanza kubishana juu ya kichwa cha mtoto wao, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kihaya, mpaka Renatha mwenyewe akaomba aitwe jirani yao, Mama Hussein.

Mama Hussein jina lake ni Nasma. Amezaliwa na kukulia Bukoba mjini, kwenye nyumba ambayo bibi yake aliwapamba maharusi wengi, Waislamu kwa Wakristo. Ameolewa Rubafu, na kazi ya bibi yake amekuja nayo. Alipoingia akauona mguu, alijifunika mdomo kwa mtandio. Alicheka, simsitiri. Kisha akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti karibu na Renatha.

Mafuta ya taa aliyakataa. Aliwaeleza kwamba yanaunguza ngozi, tena yenye jeraha, na yakiwa karibu na makaa yanaweza kuwaka. Wembe nao aliukataa. Akaomba samli.

"Samli ya bi harusi?" akauliza Anatolia, kwa sababu aliitunza mwenyewe kwa wivu.

"Ya bi harusi, shangazi, kwa bi harusi."

Nasma akapaka samli nyingi juu ya ulimbo na pembeni ya kitambaa, bila kugusa jeraha. Akaacha ulimbo ulainike. Akasugua polepole kwa kitambaa laini, akaongeza samli, akasugua tena. Huku akisugua, alimweleza Renatha kwamba hata mafuta ya kupikia yangefaa, maana ulimbo haupendi mafuta. Taratibu kitenge kikaachia. Sketi ikaachia. Mguu ukaoshwa kwa sabuni na maji safi.

Chini ya goti palibaki jeraha jekundu, kubwa kama kiganja cha mtoto. Edvina akaja na dawa ya meno.

"Mama Renatha, dawa ya meno ni ya meno," alisema Nasma. "Jeraha linataka maji safi, sabuni na kitambaa safi cha kulifunika. Likivimba, likiwa la moto au likitoa usaha, mpeleke zahanati, msingoje."

Ndipo Renatha akauliza kile alichokuwa nacho moyoni muda wote.

"Mama Hussein, utanitoa nywele kabla ya Jumamosi?"

"Hapana, mwanangu."

"Hata mguu wa kushoto?"

"Ili mguu mmoja uwe wa bi harusi na mmoja wa mgambo?"

Hapo Renatha akalia kweli kweli. Akamwambia habari ya Immakulata, na meza ya mbele, na gauni la magotini. Mama yake hakujua kwamba neno lile lilimchoma. Alikaa kitandani akamshika mkono, maana naye siku ile alikuwa amecheka pamoja na wageni. Roho ilimuuma.

"Ngozi iliyochubuka haipakwi nta," Nasma alisema kwa upole. "Ikipakwa, jeraha litaoza na litakuachia alama. Na hiyo nzima hatujaijaribu, hatujui itapokeaje. Harusi ni siku moja, Renatha. Ngozi utaishi nayo Ngenge mpaka uzee."

Lakini hakuondoka hivi hivi. Alimwambia kujua ni jambo la leo, kufanya ni la baadaye. Wakaingia jikoni wote wanne.

Nasma akaweka kwenye sufuria vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya ndimu na robo kikombe cha maji. Moto ulikuwa mdogo. Alikoroga bila kuondoka hata kidogo, akawaonya kwamba sukari iliyochemka inaunguza kuliko maji, inang'ang'ania mwilini, kwa hiyo watoto wasikaribie. Ilipofika rangi ya asali aliiepua. Akadondosha tone kwenye maji baridi, likawa donge laini. Hiyo ndiyo dalili kwamba imeiva. Ikibaki majimaji, irudishwe motoni. Ikikauka kama pipi, imezidi.

Kisha wakangoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Nta ya sukari haipakwi ikiwa moto, hupakwa ikiwa vuguvugu, na mpakaji hujaribu kwanza tone dogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake mwenyewe.

Anatolia, ambaye tangu mwanzo alisema haya ni mambo ya mjini, ndiye aliyetoa mkono wa kwanza. Nasma akapaka, akabandika kitambaa, akavuta. Hakuna kilichotoka. Nta iliteleza tu.

"Umeona?" Anatolia akasema, amefurahi. "Ni mambo ya mjini."

"Ni samli yako, shangazi. Mkono wako umelainika kuliko wa bi harusi."

Hata Renatha alicheka, macho bado mekundu. Anatolia akatumwa kuosha mkono kwa sabuni, akaukausha, ukapakwa poda kidogo. Ngozi yenye mafuta haishiki nta, Nasma alieleza, na ngozi yenye jasho pia haishiki. Nywele nazo ziwe na urefu wa punje ya mchele hivi. Fupi mno hazikamatwi, ndefu mno zinauma bure, zipunguzwe kwa mkasi. Akapaka tena, safari hii kuelekea upande nywele zinakolala. Akabandika kitambaa safi. Kwa mkono mmoja akaivuta ngozi iwe imekaza, kwa mkono mwingine akavuta kitambaa haraka, kinyume cha nywele, bila kukiinua juu. Kikatoka chote.

Anatolia akasema inauma kama kunyonyolewa. Lakini aliupapasa mkono wake mara nyingi jioni ile, nadhani mpaka alipolala.

Wakati wa kunawa Nasma aliongeza mengine. Nta haipakwi penye kidonda, chunusi, mishipa iliyovimba au ngozi iliyounguzwa na jua. Mwenye kisukari amwulize kwanza mganga wa zahanati. Mara ya kwanza mtu ajaribu sehemu ndogo, angoje mpaka kesho aone kama kuna vipele. Kitambaa cha mtu mmoja kisitumike kwa mwingine bila kufuliwa na kuchemshwa. Baada ya kutoa nywele, ngozi ioshwe kwa maji ya baridi, isipakwe manukato, na mtu avae nguo isiyobana.

Jumamosi ikafika. Renatha alivaa gauni lake la magotini, kwa sababu lilikuwa hilo hilo. Mguu wa kulia ulikuwa na bandeji nyeupe, na vinyweleo vingine vyote vilikuwa mahali pake. Alipopita meza ya mbele alimwona Immakulata akitazama chini, kwenye bandeji. Immakulata akageukia sahani yake. Avit alimwuliza kama jeraha linauma, akatembea polepole ili asimwache nyuma, na ukweli ni kwamba vinyweleo hakuviona wala siku ile wala kabla. Renatha alikuja kugundua hivyo baadaye, akachukia kidogo kwa jinsi alivyoteseka bure.

Walioana, wakaishi Ngenge. Jeraha likapona, likaacha doa ambalo lilififia. Ngozi ilipokuwa imekwisha kuwa nzima, Renatha alipika nta yake mwenyewe. Aliosha miguu kwa sabuni ili samli itoke, akajaribu kipande kidogo cha mguu, akangoja kesho yake. Hakuna kipele kilichotoka. Akatoa nywele za miguu yote miwili, polepole, mlango umefungwa si kwa siri bali kwa utulivu. Miguu ikawa laini. Aliifurahia, akaosha sufuria, akaenda kupika maharage.

Siku moja Immakulata alikuja kumtembelea mchana Avit akiwa shamba. Alikunywa chai. Aliitazama miguu ya wifi yake, akatazama mlangoni, akarudi kuitazama. Mwishowe akainua sketi yake ndefu mpaka magotini.

Ndipo Renatha alipokumbuka kwamba hajawahi kumwona Immakulata amevaa nguo fupi. Miguu yake ilikuwa imejaa vipele na alama nyeusi. Kipele kimoja kilikuwa kimevimba, kina usaha.

"Ni wembe," Immakulata akasema. "Nanyoa kila wiki tangu nikiwa shule. Zangu ni nyingi kuliko zako, wifi. Siku ile nilikucheka wewe ili watu wasinitazame mimi."

Neno mgambo lilimfika Renatha mdomoni. Lilifika tamu kabisa. Alilimeza.

"Leo sitakupaka kitu," akamwambia. "Hicho chenye usaha tunakipeleka zahanati. Wembe uuache. Vikipona vyote, njoo."

"Nilikuja kwa ajili ya leo."

"Najua. Mimi nilipoambiwa hivyo nililia."

Immakulata naye alilia kidogo, kisha akaenda naye zahanati. Akameza dawa mpaka zikaisha, akaacha wembe, nywele zikaota, akavumilia. Aliporudi, vipele vilikuwa vimekauka na ngozi ilikuwa nzima. Kipande kidogo cha ngozi walikijaribu siku hiyo, kikakaa salama mpaka kesho yake.

Kesho yake hiyo alikaa kwenye mkeka wa Renatha, miguu imeoshwa, imekauka. Sufuria ilikuwa imepoa. Renatha akajaribu tone kwenye mkono wake, akaona ni vuguvugu, akapaka, akabandika kitambaa.

"Wifi, itauma?" Immakulata akauliza.

"Itauma kidogo. Nitaishika ngozi."

Akaishika kwa kiganja, akavuta.