Kitabu cha Nyuki Hakijarudi

Kila Jumatano baada ya masomo, Kidole alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba ya shule akinakili kadi za zamani za kuazima vitabu. Jina hilo lilimfaa, maana alichapa kwa kidole kimoja. Lakini hakukosea, ndiyo maana mkutubi alimkabidhi droo nzima.

Jumatano moja alitoa kadi ya kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina la mama yake, lililoandikwa miaka ishirini na mmoja iliyopita. Hata bila kulisoma jina lote angeitambua ile k yenye mkia mrefu; iko vilevile kwenye makopo ya sukari na kahawa nyumbani. Mama alikuwa akishona sare katika kiwanda cha mji wa mbali. Kwa miezi kumi na minne Kidole alimsikia Jumapili tu, kwa simu ya bibi.

Safu ya tarehe ya kurudisha ilikuwa tupu.

Kidole alitazama nyuma. Mkutubi alikuwa akipanga magazeti. Haraka akachapa: Kimerudishwa. Kadi akaificha ndani ya daftari lake.

Wiki iliyofuata alikuja Profesa, mvulana wa miwani wa darasa lake, vumbi mpaka puani.

"We Kidole! Kompyuta yako inasema kitabu cha nyuki kipo. Nimepekua rafu tatu, sijaona hata ubawa!"

"Futa miwani."

"Nimeifuta mara mbili! Kesho naeleza mzinga mbele ya darasa. Niseme nini, asali ni tamu?"

Mkutubi akasogea. "Rekodi hii imetoka kwenye kadi gani?"

Kidole akafungua daftari. "Hii, Mwalimu. Ni ya mama. Hakukirudisha, na mimi sikutaka asomeke hivyo."

"Na kadi uliichukua ya nini?"

"Mwandiko wake."

Mkutubi alimpa Profesa gazeti la kilimo lenye makala ya mizinga. Kisha akaiweka kadi kwenye skana, na mwandiko wa mama ukatokea kwenye skrini. "Ukitaka kumbukumbu, chukua nakala, kadi ibaki. Sasa andika ulichokiona."

Kidole akachapa: Hakijarudishwa. Ile picha mkutubi aliituma kwenye simu ya bibi, na bibi akamtumia mama.

Jumapili mama alipiga, akicheka na kujifuta pua. "Mwanangu, ninacho hapa! Nilimaliza shule kikiwa begini, nikaona aibu kukirudisha, miaka ikapita. Likizo yangu inaanza tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili. Nitakileta mwenyewe."

Jumatano Kidole alimweleza mkutubi, neno kwa neno.

"Umeona?" mkutubi alisema. "Kompyuta hurudia tunachoiambia, na anayeisoma huamini. Profesa alipekua rafu tatu kwa sababu ya neno lako moja. Na kitu kikishaandikwa kuwa kimerudi, hakuna atakayekitafuta tena."

Akamwonyesha safu ya tarehe inayotarajiwa. Kidole alichapa tarakimu moja baada ya nyingine: kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili. Akaisoma mara tatu kabla ya kubonyeza hifadhi.