Swali Lililokosekana Nyumbani

Kila jioni nyumbani kwa Maswali televisheni ilinguruma, mama yake, dobi, akipiga pasi nguo za wateja, na baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, akisinzia kitini. Jina hilo la utani alibandikwa shuleni, kwa kuwa "kwa nini" haikumtoka mdomoni.

Siku moja mwalimu aliwauliza wanafunzi wangependa kusoma hadi wapi. Rafiki yake, binti wa mkutubi, alijibu "chuo kikuu" kama mtu anayesema "kesho". Maswali alisema akimaliza shule ya msingi ataenda saluni kwa shangazi yake kusuka nywele. Jibu lake mwenyewe likamkereketa. Katika mitihani yeye na rafiki yake walikuwa wakifukuzana, leo huyu mbele, kesho yule. Iweje mmoja aone mbali na mwingine aishie karibu?

Jumamosi alikwenda kwa rafiki yake kuidadisi siri hiyo. Alitarajia jumba, akakuta vyumba viwili na meza yenye mguu mbovu. Lakini wakati wa kula, mkutubi aliwasomea hadithi ya msichana aliyemficha mwizi, na watu wa nyumba ile wakabishana hadi chakula kikapoa. Kisha akamgeukia mgeni.

"Na wewe, mwanangu, unaonaje?"

Maswali hakuwahi kuulizwa maoni na mtu mzima. Alianza kwa kigugumizi, akaishia kumbishia mwenye nyumba.

Aliazima kitabu chenye hadithi hiyo akawasomea wazazi wake. Mara ya kwanza baba alikoroma. Mara ya pili mama alizima televisheni. Baadaye baba akashikilia kwamba mwizi yule alistahili kukabidhiwa polisi, mama akamkatalia katakata, mpaka pasi ikataka kuunguza kola ya mteja. Wakacheka wote. Ndipo Maswali akapata ujasiri.

"Baba, mnataka nisome hadi wapi?"

"Mimi sikuulizwa na mtu, mwanangu. Ndiyo maana sikujua kwamba mtoto huulizwa. Wewe unataka hadi wapi?"

"Hadi chuo kikuu," alijibu bila kigugumizi.

Baba alikwenda mwenyewe kumweleza shangazi. Shangazi alinuna, kisha akasema saluni haihami, atamfundisha kusuka wakati wa likizo.

Jioni ile mama aliweka pasi kando. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema. "Tulikulisha na kukuvisha, tukasahau kuzungumza nawe. Mtoto hawezi kutamani jambo ambalo kwao halitajwi. Haya, fungua kitabu, tuendelee."