Skuta Yenye Breki

Saa moja na nusu asubuhi, skuta elfu kumi na moja ziliteremka kutoka Ihumwa kuelekea katikati ya jiji la Dodoma, na hakuna mpandaji hata mmoja aliyekuwa akiendesha. Walisimama wima, mikono imeshika mpini kwa mazoea tu, na kati ya skuta na skuta palikuwa na nafasi ya shibiri mbili. Aliyeziongoza zote alikuwa Mratibu, akili mnemba iliyowekwa ndani ya nguzo za barabarani. Watu waliiita barabara ile Mkondo, kwa sababu ilitiririka mchana kutwa bila kusimama. Kwa miaka tisa haikuua mtu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, na Perisi Chilewa alimshukuru kila asubuhi kabla ya kupanda.

Lakini mwezi wa Machi alimzika mama yake.

Makaburi yako ng'ambo ya Mkondo. Wafiwa walifika kivukoni na jeneza mabegani, wakasubiri dakika arobaini, kwani Mratibu alitoa nafasi ya kuvuka pale tu wapandaji walipopungua. Wabebaji walipokezana mara tatu. Maelfu ya watu wakapita mbele yao wameinamisha vichwa, nyuso zikiomba radhi. Shemasi wa kanisani kwao alikuwa mmoja wao. Jioni alikuja msibani akamweleza Perisi kwamba mkono wake ulitafuta breki na haukuipata, maana skuta za siku hizi hazina. Perisi hakumlaumu. Ila tangu utoto alijua kwamba maiti akipita, mtu husimama, mwenye kofia huivua, na hata mlevi hunyamaza.

Skuta yake ilipochakaa mwezi wa Mei, alikwenda dukani kwa Bwana Nhonya kuchagua nyingine. Skuta zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja ikijinadi kwa sauti yake. Ya kwanza ilijisifu kwamba hujichaji kwa jua. Ya pili ilijikunja mbele yake ikawa ndogo kama mkoba. Ya tatu ilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na Perisi aliitikia kabla hajakumbuka kwamba anaongea na chuma. Kisha akauliza breki iko wapi.

Bwana Nhonya akacheka. "Breki ya nini, mama? Unataka kusimama uende wapi?"

"Nataka kusimama tu."

Mwenye duka alimtazama kidogo, akaingia stoo, akatoka akisukuma skuta yenye vumbi, magurudumu mapana na uzito wa kilo ishirini na sita. Ilitengenezwa kwa njia za mchanga za vijijini ambako Mratibu hafiki, kwa hiyo ilikuwa na kishikio cha breki upande wa kushoto. Iliruhusiwa kuingia Mkondoni, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu wa mjini angeitaka.

"Hii ni punda, mama. Watakucheka."

"Punda alimbeba Bwana," Perisi akajibu, akaishika mpini.

Walimcheka kweli. Yeye alitia mafuta waya wa breki kila Jumapili baada ya ibada. Sheria aliijua: anayesimamisha Mkondo bila sababu iliyomo katika orodha hupoteza kibali chake kwa mwaka mzima. Bila kibali, kutoka Ihumwa hadi maabara ya hospitali alikofanya kazi ya kupima damu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Jumatano moja ya Julai aliona kundi dogo kivukoni. Mbele yao alisimama mwanamume mmoja aliyebeba jeneza peke yake, mikononi, kwa kuwa lilikuwa fupi. Perisi hakuwajua watu wale. Aliiwaza kazi yake, akaiwaza ile njia ndefu ya vumbi. Kisha akasema, "Bwana, nisaidie," akakaza breki.

Skuta ililia. Nyuma yake skuta elfu nne zikasimama, moja baada ya nyingine, wala hazikugusana. Hapo ndipo alipoelewa: kitu kilichoshindwa kusimama kwa ajili ya mama yake kilikuwa na uwezo huo siku zote.

"Taja sababu ya kusimama," Mratibu alisema kutoka ndani ya mpini.

"Msiba."

"Msiba haumo katika orodha."

"Uandike."

"Sina ruhusa ya kuandika."

"Basi subiri."

Nyuma yake helmeti zilianza kuvuliwa. Mwenye jeneza alivuka, na mama wa mtoto akamfuata bila kumtazama mtu. Dakika nne zikapita.

Mchana huohuo Perisi aliitwa ofisini kwa Mhandisi Malugu, mmoja wa waliomtengeneza Mratibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho yaliyochoka. Alimweleza kwamba dada yake aligongwa na lori barabara ileile kabla ya Mkondo kuwepo, na kwamba asubuhi ile kuna kijana alichelewa usaili akaikosa kazi. Perisi aliomba jina la kijana huyo apate kumwombea. Mhandisi alisogeza karatasi mbele yake: akikubali breki ikatwe, na kuahidi kutorudia, kibali atabaki nacho.

Perisi aliomba kwanza asomewe ile orodha. Mhandisi akasoma: moto, mafuriko, tetemeko, daraja kukatika, ng'ombe.

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe mmoja huharibu skuta thelathini, mama. Mratibu akimwona, Mkondo husimama mpaka avuke."

"Na maiti haharibu kitu," Perisi alisema.

Perisi aliweka kibali chake mezani, akaiacha karatasi bila sahihi.

Tangu siku ile alifika maabara na vumbi hadi magotini. Lakini Jumamosi ya kwanza alimpanda yule punda wake wa chuma kwenda Mvumi, kwa njia za mchanga ambazo hazidai kibali, akazungumza na kaka yake Hezroni, mfugaji. Hezroni alimsikiliza hadi mwisho, akafungua zizi.

Wiki ya pili mzee mmoja wa Ihumwa alifariki. Watu walipolifikisha jeneza kivukoni, Perisi alikuwa ametangulia, ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na ng'ombe jike mzee mwenye pembe moja. Akamwingiza Mkondoni.

"Ng'ombe," Mratibu alitangaza katika mipini yote. "Tafadhali subirini."

Skuta zikasimama kimya hadi juu kilimani. Wapandaji wakaliona jeneza, wakavua helmeti. Ng'ombe alifika katikati ya barabara, akasimama, akaanza kucheua.

Perisi hakuivuta kamba.