Jina la Wendell Kwenye Fomu

Earline Guidry alikuwa akisugua tope kwenye kuta za duka lake. Kimbunga kilikuwa kimeleta maji hadi kiunoni. Jokofu limekufa. Mashine ya kusaga nyama imekufa. Wiki sita sasa, mtaa mzima haukuwa umeonja soseji zake za wali na nguruwe.

Mdogo wake, Wendell, aliingia mbio na gazeti mkononi.

"Dada! Tumepona! Serikali inatoa mkopo nafuu kwa biashara ndogo zilizoharibiwa na maji!"

"Acha utani."

"Nitanie na njaa hii? Soma mwenyewe!"

Earline alisoma. Akatupa brashi, wakashikana mikono, wakacheza kwenye tope.

Duka waliachiwa na baba yao, nusu kwa nusu. Kwa hiyo walijaza fomu pamoja, wakicheka, mpaka swali la tisa: "Je, yuko mmiliki aliyewahi kupatikana na hatia ya kudanganya ili apate msaada wa serikali?"

Kicheko kilikatika. Wakati wa korona, Wendell aliombea msaada duka la viatu ambalo halikuwepo. Alifungwa mwaka mzima.

"Andika hapana," alisema, macho chini. "Nani atakumbuka?"

"Wendell!"

"Kifungo nilishamaliza, dada. Mtu anaadhibiwa mara ngapi?"

Earline alibeba fomu mpaka maktaba ya mji. Hapo Bi Latrice Broussard huwashauri wafanyabiashara bila malipo.

Bi Latrice alisikiliza kisa cha Wendell, akasoma swali la tisa, akavua miwani.

"Usithubutu kudanganya, mama. Sahihi yako hapa chini ni kiapo. Hukumu za mahakama zimehifadhiwa, wataziona. Hapo na wewe utashtakiwa."

"Na nikisema kweli?"

"Watakataa. Sheria imebadilika. Aliyetapeli msaada kama huu hapati tena, wala biashara anayoimiliki."

"Lakini amejirekebisha!"

"Naamini. Ila fungu la fedha ni moja. Duka hewa likilipwa, mwenye duka la kweli anarudi mikono mitupu. Sheria inamlinda huyo. Leo huyo ni wewe."

"Basi tumekwisha."

"Nani kasema? Wanauliza mmiliki ni nani. Tuwaandikie, tuulize kama mdogo wako anaweza kukuachia sehemu yake, kisha ukamwajiri. Lakini iwe kweli. Mkifanya maigizo, mmerudi kulekule."

Jibu lilikuja baada ya siku nne: inaruhusiwa, kwa hati ya wakili. Earline alifurahi, kisha akaogopa. Nani angemwambia Wendell?

Alimwambia mwenyewe.

"Unanitoa kwenye duka la baba?" Wendell alifoka.

"Nataka duka la baba lifunguliwe."

Wendell alitoka, akaubamiza mlango. Earline alikaa akisikiliza hatua zake barazani, huku na huku. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Unamkumbuka Clovis, kinyozi? Mwaka ule alinyimwa msaada. Aliambiwa fungu limekwisha. Nilimwona akipakia viti vyake kwenye gari, na hela za viatu hewa ziko mfukoni mwangu. Sikumwambia kitu."

Akachukua kofia yake mlangoni.

"Wakili yuko wapi? Twende kabla sijabadili mawazo."

Walijaza fomu upya, kweli tupu. Mwezi uliofuata barua ilifika. Earline aliifungua, akapiga yowe. Majirani walitoka wakidhani maji yamerudi.

"Tumepata! Jamani, tumepata!"

Siku ya kufungua, foleni ilizunguka kona. Mvuke wa vitunguu na pilipili ulijaa barabarani. Wendell alisimama kando ya sufuria kubwa, amevaa aproni, jasho linamtiririka. Alikuwa mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara wake.

Mteja mgeni alimwita. "Bosi! Hizo soseji vipi?"

Wendell alimnyooshea dada yake mwiko. "Bosi yule pale!" alipaza sauti, akicheka. "Mimi mpishi. Na zimeiva, sogeza sahani!"