Redio ya Mwalimu Gernot

"Usiangalie taa zangu za nyuma, Annelie. Angalia kona inakoishia."

Sauti ya Gernot ilitoka kwenye redio ya mawasiliano iliyobandikwa kwenye dashibodi. Annelie alitamani kumjibu, lakini redio za wanafunzi husikia tu, hazisemi. Hilo halikuwa geni kwake. Katika miaka yote aliyoishi na Gernot, mwanamume alisahihisha, mwanamke akasikiliza.

Walikuwa wameachana tangu Februari. Siku hii ya kujifunza kuendesha kwenye uwanja wa mbio, juu ya vilima vya Eifel, Ujerumani, Gernot alikuwa amempa kama zawadi kabla hawajaachana. Annelie alikuja na sedani yake ya bluu, gari lenye mbio ambazo hakuwahi kuzijaribu, akijiambia kwamba jioni atamuaga Gernot kabisa. Asubuhi hiyo ofisi ya upimaji ardhi ya Bremen, kaskazini ya mbali, ilimwandikia:

"Bi. Lauterbach, nafasi ya kazi bado ni yako. Tunaomba jibu leo."

Magari sita yalimfuata mwalimu kwa foleni. Kila mzunguko ulipoisha, la kwanza lilijitoa kando na kwenda mkiani ili la pili lisogee mbele. Sasa ilikuwa zamu ya Annelie kukaa nyuma ya Gernot.

Alikanyaga breki kwa nguvu kabla ya kona, pua ya gari ikainama. Akaiachia polepole, akakata usukani mara moja tu, macho yakiwa mwisho wa kona. Sedani ikashika lami. Alipokanyaga mafuta, kiti kilimsukuma mgongoni, akacheka peke yake.

Ndipo redio ikakwaruza.

"Ansgar, umeona ile?"

Hiyo haikuwa sauti ya kufundishia. Gernot alikuwa ameibana redio kati ya paja na kiti, na kitufe cha kusemea kikabanwa pia. Kando yake aliketi fundi mwenzake wa gereji, mzee Ansgar. Wanafunzi wote sita waliwasikia.

"Nimeona. Si ndiye uliyemwacha?"

"Kaniacha yeye, mzee."

"Ulimfanya nini?"

"Sikuwahi kumwambia neno jema. Hebu angalia kwenye kioo mikono yake ilivyotulia! Mimi siku yangu ya kwanza nilitoka njiani nikazama kwenye changarawe mara mbili. Na hivyo ndivyo alivyo kwa kila jambo. Baba alipougua, yeye ndiye aliyezungumza na madaktari, akapanga dawa, akamlisha. Mimi nilikaa jikoni natetemeka."

"Ukamshukuru?"

"Nilimwambia, si mbaya."

"Kwetu Eifel hiyo ni sifa kubwa."

"Kwetu, ndiyo. Yeye katoka Köln, mzee. Kule watu hukumbatiana hata na dereva wa tramu."

"Basi mwambie, mjinga wewe!"

"Naogopa."

Kona ya kushoto ilikuwa imefika. Macho ya Annelie yalikuwa yamejaa machozi, lakini alikanyaga breki mahali pake na gari likapita pale pale lilipotakiwa kupita. Kisha akamwashia Gernot taa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Anawasha taa. Ana shida gani?"

"Wote wanawasha, Gernot. Redio yako iko wapi?"

Redio ikanyamaza.

Walizunguka mara ya mwisho taratibu ili breki zipoe, wakaegesha. Gernot alishuka akiwa mwekundu hadi masikioni.

"Mwalimu!" alipaza sauti mwanafunzi mmoja, mwoka mikate mnene. "Na mimi je? Mikono yangu haikutulia?"

"Yako ilikuwa inakanda unga," Ansgar akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Gernot alimfuata Annelie kwenye sedani.

"Umesikia kiasi gani?"

"Yote. Lakini aliyeambiwa ni Ansgar."

Gernot alivua glavu, akakosa pa kuziweka, akazivaa tena.

"Leo umeendesha vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Na nyumbani ulikuwa hodari kuliko mimi. Niliona nikikiri hivyo, sitabaki na chochote ninachokuzidi, ndiyo maana nikawa nakusahihisha hata unavyokata vitunguu. Nilikukosea, Annelie."

Maneno hayo Annelie aliyangoja mpaka akachoka, akahama. Sasa yamesemwa mchana kweupe, mbele ya mwoka mikate.

"Nimepata kazi Bremen," alisema. "Naitaka."

"Ichukue."

"Husemi nibaki?"

"Utakuwa hodari huko. Nikikuambia ubaki, nitakuwa nimerudi kule kule kwa kukusahihisha."

Annelie alitoa simu, akaandika mbele yake: "Nakubali. Nitaanza tarehe mosi." Akatuma.

"Nyumba umepata?" Gernot aliuliza.

"Chumba na jiko."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Hakuna lifti."

"Nitakuja kubeba vyombo."

"Ukishabeba?"

"Magari ya kutengeneza yapo hata Bremen. Kama utanitaka, sitarudi huku."

Annelie akamshika mkono wenye glavu.

"Basi njoo na koti zito," alisema. "Upepo wa kule hauna mlima wa kuuzuia."